Bharati, mshairi aliyetaka kuuzwa kama kiberiti

Mwaka 1920 Subramania Bharati, mshairi wa Kitamil, lugha ya kusini mwa India, alisambaza waraka wa kuomba mkopo. Hakulia shida, aliandika kama mfanyabiashara. Alisema anayo maandishi ya kutosha vitabu 40, na kila kitabu kipigwe chapa nakala 10,000, yaani nakala 400,000 kwa jumla. Gharama ya kuanzia uchapaji aliikadiria rupia 20,000, na matangazo rupia 10,000. Atakayemkopesha angelipwa na riba yake. Kuhusu soko hakuwa na wasiwasi hata chembe: vitabu vile, alisema, vitakuwa vitu vya kawaida madukani na vitanunuliwa upesi kuliko mafuta ya taa na kiberiti.

Mpango ule ulikufa kabla haujasimama. Mwaka mmoja baadaye mwenyewe naye akafa, hajatimiza miaka 39.

Wanaosimulia maisha ya mshairi huyu wa Kitamil hupenda kuanza na kilemba, masharubu na macho makali ya zile picha zake chache. Waraka ule unafaa zaidi. Ndani yake limo swali alilohangaika nalo tangu ujana hadi kaburini, nalo si swali la ushujaa: wimbo unafikaje mikononi mwa mtu wa kawaida, na nani anaweza kuuzuia njiani? Serikali ya kikoloni ililijua swali hilo vizuri kama yeye. Bharati alikaa rumande wiki tatu tu maisha yake yote. Adhabu yake halisi ilikuwa kukatiwa njia ya wasomaji.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1882 huko Ettayapuram, mji mdogo wa kusini kabisa mwa India uliokuwa chini ya mtawala wa kienyeji. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 5. Jina "Bharati", lenye maana ya aliyebarikiwa na mungu wa kike wa elimu, alitunukiwa na washairi wa baraza la mtawala akiwa na miaka 11. Akiwa na miaka 14 akaozwa Chellamma, binti wa miaka 7. Baba yake alijaribu kuanzisha kiwanda cha pamba pale Ettayapuram, kikafilisika, na mwaka 1898 naye akafariki. Kijana akaenda kwa shangazi yake Kasi, mji mtakatifu wa Wahindu, akajifunza Kisanskriti na Kihindi, akarudi na kilemba. Akapewa kazi ya ushairi barazani kwa mtawala. Kazi yenyewe ilikuwa kusifu na kuchekesha, na hakukaa nayo.

Mabadiliko yalikuja Novemba 1904, alipoajiriwa na gazeti la kila siku la Swadesamitran mjini Madras. Kazi yake kubwa ilikuwa kutafsiri: habari za telegramu na hotuba za wanasiasa zilikuja kwa Kiingereza, zikatakiwa zitoke kwa Kitamil kabla mtambo haujaanza kuzunguka. Wahakiki wengi huupita mwaka huu wakikimbilia mashairi. Mimi nadhani bila meza ile ya tafsiri tungepata malenga mwingine mzuri wa baraza, basi.

Tazama kisa kimoja alichokiandika baadaye katika makala yake. Alihitaji neno la Kitamil kwa ajili ya mjumbe wa chama. Akajaribu neno la Kisanskriti lenye maana ya kiungo cha mwili, akaona halifai. Akajaribu jingine, halikukaa. Akapata la tatu, sahihi kabisa, ila watu wa kawaida hawalijui. Akafikiri nusu saa nzima. Mwishowe akaandika tu "memba", kwa herufi za Kitamil, akaahidi kurudi akipata neno bora. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kukaa na kamusi upande mmoja na mhariri mwenye haraka upande mwingine anaijua nusu saa hiyo. La kuangalia ni kipimo alichokitumia. Neno la tatu halikukosea maana, lilikosa watu wa kulielewa, na kwa Bharati hilo lilitosha kulikataa.

Kipimo hichohicho alikipeleka kwenye ushairi, na hapa inabidi kufungua mashine tuone vipuri. Kina cha Kitamil hakikai mwisho wa mshororo kama chetu. Kinakaa mwanzo: herufi ya pili ya mshororo mmoja inalingana na herufi ya pili ya mshororo unaofuata. Juu ya hapo kuna ulinganifu wa herufi za kwanza za maneno ndani ya mshororo. Kisha maneno yanapokutana, sauti za mwisho na mwanzo huyeyukiana, na ushairi wa kisomi ulikuwa umelikoleza jambo hili hadi mshororo mzima ukasomeka kama neno moja refu. Mtu alihitaji mwalimu wa kumkatia maneno kwanza, halafu wa kumweleza maana. Ushairi wa namna hiyo hauwezi kuimbwa kwenye mkutano wa hadhara, kwa sababu anayesikia hajui neno linaishia wapi.

Bharati hakuvitupa vina. Alibadilisha bahari. Alichukua mapigo ya kummi, nyimbo ambazo wanawake huzicheza duarani wakipiga makofi; kavadi chindu, nyimbo za mahujaji wanaobeba mizigo ya nadhiri begani; pallu, nyimbo za vibarua wa mashamba ya mpunga; na nondi chindu, pigo la kuchechemea lililokuwa la mhusika kiwete katika michezo ya kuigiza. Mapigo haya yalikuwa tayari miguuni mwa watu. Aliyeusikia wimbo mara mbili aliondoka nao, ajue kusoma asijue. Katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, huo ndio ulikuwa mtandao wa usambazaji, na haukuhitaji leseni ya serikali.

Chukua shairi lake la moto, fupi kiasi cha kuenea kiganjani. Maana yake kwa Kiswahili ni hii: nilipata kinda la moto, nikaliweka kwenye tundu la mti kule msituni, msitu ukaungua, ukapoa, katika ushujaa wa mwali, kuna kinda na kuna mzee? Halafu linamalizika kwa silabi za ngoma zisizo na maana yoyote ya kamusi: tattarikida, tattarikida, tittom. Neno analolitumia kwa cheche ni kunju, ambalo ni mtoto wa ndege, kifaranga. Anayelisikia anaona kitu kidogo chenye joto kinachohitaji kiota. Uingereza haikutajwa, wala India, wala hasira. Mwendesha mashtaka angeanzia wapi? Na zile silabi za ngoma si pambo: shairi limekwisha semwa, sasa miguu ndiyo inaendelea nalo.

Nguvu ya nyimbo hizi ilionekana mapema hata kwa wasiokubaliana naye. Mwaka 1907 V. Krishnaswami Iyer, mwanasheria wa kundi la wastani katika Congress, chama kikuu cha siasa cha Wahindi, kundi ambalo Bharati alilishambulia kila wiki gazetini, alizisikia akazichapisha kwa fedha zake: kijitabu chembamba, nakala 15,000, kikagawiwa bure. Katika uhai wa Bharati ni vigumu kupata mara nyingine ambapo maandishi yake yalipigwa chapa kwa wingi wa aina hiyo. Usambazaji wake mkubwa ulifanywa na mpinzani wake wa kisiasa.

Gazeti lililompa jina na kumponza ni India, la kila wiki, lililoanza Madras Mei 1906 kwa mtaji wa familia ya Mandayam. Lilichapwa kwenye karatasi nyekundu, na ndilo lililoleta katuni za kisiasa katika magazeti ya Kitamil. Wakati huohuo rafiki yake V. O. Chidambaram Pillai alikuwa ameanzisha kampuni ya meli ya wazalendo, ikisafiri kati ya Tuticorin na Colombo kushindana na meli za Waingereza. Desemba 1907 wote wawili walikuwa Surat, Congress ilipopasuka kati ya wastani na wenye msimamo mkali. Machi 1908 Chidambaram Pillai alikamatwa, na Julai akahukumiwa vifungo viwili vya maisha. Baadaye rufaa ilivipunguza.

Sheria iliyotumika ilikuwa kifungu cha 124A cha Kanuni ya Adhabu ya India, cha uchochezi. Msomaji wa huku asiione kuwa ya mbali: Kanuni hiyohiyo Waingereza waliivusha bahari, na Kenya ilitumika hadi mwaka 1930. Kwa upande wa magazeti sheria ya mwaka 1867 ilitaka kila gazeti liwe na mtu aliyejiandikisha mbele ya hakimu kuwa mchapishaji. Serikali ilipotaka kushtaki haikuhitaji kuthibitisha nani alishika kalamu. Ilifungua daftari ikasoma jina. Magazeti nayo yakajifunza kuweka jina la mtu mwingine kwenye daftari.

Kwa gazeti la India, jina la kwenye daftari lilikuwa la M. Srinivasan. Agosti 1908 akakamatwa, akafungwa miaka 5. Bharati, mwandishi halisi, akavuka kwenda Pondicherry, koloni la Wafaransa kiasi cha kilomita 150 kusini mwa Madras. Wapo wanaoipita aya hii haraka kwa heshima ya shujaa. Haistahili kupitwa. Marafiki walimshauri aondoke, na hoja yao ilikuwa na akili: kalamu iliyo huru ina faida kuliko kalamu iliyofungwa. Lakini kuna mtu alitumikia kifungo kwa maneno ambayo hakuyaandika, na katika wasifu mwingi hata jina lake halipo.

Oktoba 1908 India likaanza kutoka tena, safari hii Pondicherry. Kwa muda ilionekana njia imepatikana: Wafaransa hawakuwa na sababu ya kulifunga. Udhaifu ulikuwa kwamba gazeti limechapwa ng'ambo ya mpaka, ilhali wasomaji wote wako upande wa Waingereza. Halikuwa na njia ya kuwafikia isipokuwa posta, na ada zao pia zilipita huko. Waingereza hawakuhitaji kuvuka mpaka. Walipiga marufuku lisiingie, na Machi 1910 likafa. Mwezi mmoja kabla ilikuwa imepitishwa sheria mpya ya magazeti iliyotaka mwenye mtambo mpya aweke dhamana ya rupia 500 hadi 2,000, ambayo serikali ingeweza kuitaifisha ikichukizwa. Kwa gazeti la Kitamil lisilo na matangazo ya maana, hiyo ilikuwa hukumu ya kifo bila kesi.

Halafu tarehe 17 Juni 1911, kwenye stesheni ya Maniyachi, kijana Vanchinathan alimpiga risasi Ashe, mkuu wa wilaya ya Tirunelveli, kisha akajiua. Bharati hakuhusika, ila makachero walijaa Pondicherry. Njama zilikuwa za kila aina. Siku moja kwenye kisima cha nyumba ya V. V. S. Aiyar, mkimbizi mwenzake, ukapatikana mtungi uliojaa vijitabu vya uchochezi ambavyo havikuwa vyao. Wakimbizi hawakuutupa wala kuuchoma. Waliwaita wenyewe polisi wa Kifaransa waje wauone, mtego ukateguka.

Sasa fikiria mwandishi wa gazeti aliyezoea kuandika jioni na kusomwa asubuhi, amekaa miaka 10 mji mdogo wa pwani, hana gazeti, barua zake zinafunguliwa, na senti hakuna. Mwaka 1912 ulikuwa wa ajabu kwake: nyimbo za Kannan, ambamo anamwita Mungu rafiki, mama, mtumishi, mtoto na mpenzi, shairi refu la kuyil, ndege mweusi wa mwituni anayesifika kwa sauti, na Kiapo cha Panchali. Hili la mwisho ni kisa cha zamani cha malkia aliyewekwa rehani na mumewe kwenye mchezo wa dado, akaburutwa barazani, wazee wenye hekima wakiinamisha vichwa. Kila Mtamil alikijua. Bharati alikitia kwenye pigo la nondi chindu, akawafanya wale wazee walionyamaza wafanane mno na waheshimiwa wa zama zake. Malkia akawa nchi. Katika dibaji alisema wazi kwamba epiki ya zama hizi inatakiwa maneno mepesi, mtindo mwepesi, mizani inayoeleweka na mapigo ambayo umma unayapenda. Sehemu ya kwanza ilichapwa 1912. Ya pili ilingoja hadi alipokufa.

Inasemwa mara nyingi kwamba uhamisho ndio uliotuzalia kazi hizi kuu. Ni kweli nusu. Ulimpa muda kwa sababu ulimnyima wasomaji, na mtu aliyeamini katika kiberiti na mafuta ya taa asingeuchagua mpango huo. Gharama aliilipa pia Chellamma. Kisa maarufu ni cha mchele aliouazima kwa jirani ili apike, akarudi akakuta mumewe amewamwagia shomoro wote, anacheka. Husimuliwa kama ushahidi wa moyo mkubwa wa mshairi. Ukikisoma kutoka jikoni ni kisa kingine kabisa. Mtu huyu alitunga shairi la mwanamke mpya anayetembea kichwa juu, na alisema Sister Nivedita, mwanamke aliyekutana naye Bengal, mfuasi wa mwalimu wa Kihindu Vivekananda, ndiye aliyemfumbua macho kwa kumuuliza mke wake yuko wapi. Jibu la swali hilo lilimchukua muda.

Kuhusu matabaka ya Kihindu, hukumu yangu ni kwamba Bharati, mzaliwa wa tabaka la juu la Wabrahmini, alikwenda mbali kuliko Mbrahmini yeyote wa kundi lake, na bado hakufika. Mwaka 1913 alimvisha kijana wa tabaka lililotengwa, R. Kanakalingam, uzi mtakatifu wa Kibrahmini. Lilikuwa tendo la kukata ujamaa na ndugu zake. Wakosoaji wa baadaye waliuliza, na swali lao lina uzito: kwa nini usawa uwe kumpandisha mmoja badala ya kuivunja ngazi? Katika mashairi ya watoto alilisema vizuri zaidi. Kuna paka mweupe nyumbani kwetu, anasema, kazaa watoto, mmoja kijivu, mmoja mweusi kama wino, mmoja rangi ya nyoka, mmoja rangi ya maziwa. Rangi yoyote iwayo, wote ni sawa. Watoto wa Kitamil huliimba hadi leo.

Novemba 1918 vita vikiwa vimekwisha, Bharati alichoka. Akavuka mpaka, akakamatwa karibu na Cuddalore tarehe 20. Akiwa rumande alimwandikia Gavana barua akisema ameachana na siasa za kila namna na atakuwa mtiifu kwa serikali. Barua ipo na maneno yake ni ya kuuma. Kumtetea kwa kusema alikuwa anawachezea Waingereza ni kumdharau. Alikuwa mtu wa miaka 35 mwenye afya mbovu, mke na mabinti wawili, na gazeti hana tangu miaka 8 iliyopita. Aliachiwa katikati ya Desemba kwa masharti: akae eneo la Tirunelveli, na maandishi yake yapitie kwa mkuu wa makachero kwanza. Akaenda Kadayam, kijiji cha mkewe. Mwaka 1920 masharti yalipoondolewa akarudi Swadesamitran Madras, meza ileile ya tafsiri. Waraka wa vitabu 40 ni wa kipindi hiki.

Kuna kisa maarufu cha tembo, tumalizane nacho. Bharati alizoea kumlisha tembo wa hekalu la Parthasarathy, Triplicane. Siku moja mwaka 1921 tembo akamwangusha, rafiki yake Kuvalaikannan akamtoa miguuni mwa mnyama. Filamu na vitabu vya shule hufanya hicho kuwa kifo chake. Sivyo. Alipona, akarudi kazini, na tarehe 31 Julai alisafiri hadi Erode kuhutubia, mada yake ikiwa kwamba binadamu hana kifo. Alichukuliwa na maradhi ya tumbo usiku wa kuamkia tarehe 12 Septemba 1921. Tembo ni rahisi kusimulia kuliko kuhara. Simulizi za mazishi zinataja watu 14.

Kilichofuata kinaeleza zaidi kuliko kifo. Mjane, kwa msaada wa kaka yake, alianza kuchapisha mwaka 1922, deni likamlemea. Ndugu wa baba mmoja na Bharati, C. Viswanathan, na wenzake wakafungua nyumba ya uchapaji, na hatimaye hakimiliki ikawa yake. Mwaka 1928 serikali ya Burma, halafu ya Madras, ilipiga marufuku nyimbo za uzalendo za mtu aliyekufa miaka 7 nyuma. Polisi wakazoa vitabu. S. Satyamurti akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria akazitetea, na kelele zikailazimisha serikali kurudi nyuma. Huko mitaani nyimbo zilikuwa zinaendelea tu. Marufuku ya karatasi haikamati pigo la makofi.

Haki za kurekodi na kutumia nyimbo kwenye filamu ziliuzwa kando, zikapita mikononi mwa mfanyabiashara hadi kwa A. V. Meiyappan, mtengenezaji wa filamu, aliyezinunua mwaka 1946 kwa rupia 9,500. Filamu yake ya Januari 1947 ilikuwa na ule wimbo wa pallu unaosema tucheze, tuimbe, uhuru tumeupata. Bharati alikuwa ameutunga kana kwamba jambo limeshatokea. D. K. Pattammal ndiye aliyeuimba, na tarehe 15 Agosti 1947 akauimba tena redioni. Pigo la vibarua wa mpunga, lililokopwa na Mbrahmini, likawa sauti ya uhuru wa Watamil. Na kisheria, mtu aliyetaka kuutia kwenye filamu yake alipaswa kumwomba Meiyappan ruhusa. Kundi la T. K. S. Brothers lilijaribu bila ruhusa, likashtakiwa.

Kelele za umma zilikuwa kubwa. Mwaka 1949 serikali ya Madras ikanunua haki zote: Viswanathan akalipwa rupia 15,000, Chellamma na mabinti wawili rupia 5,000 kila mmoja, Meiyappan akaachia bila malipo. Mwaka 1955 serikali nayo ikaziachia: yeyote achape, yeyote aimbe, asilipe mtu. Ndipo bei ikashuka, matoleo ya karatasi duni yakajaa kwenye meza za barabarani na stesheni, na Bharati akaanza kupatikana pale kilipo kiberiti.

Uhuru huo ulileta tatizo lake. Kila mchapaji alipanga alivyotaka, vichwa vya mashairi vilitungwa na wahariri, makosa ya toleo moja yakarithiwa na kumi, na tarehe zikapotea, wakati kwa mwandishi wa gazeti tarehe ni nusu ya maana. Seeni Viswanathan alitumia miongo kadhaa akifukua magazeti ya zamani ili kila kipande kirudi kwenye siku yake. Kazi hiyo, yenye kila kilichopatikana kwa mpangilio wa wakati, ilizinduliwa Delhi tarehe 11 Desemba 2024. Ina juzuu 23.